Kutopata si kutopatikana



Wiki mbili zilizopita safu hii iliweka fumbo la mstari mmoja tu: tafuta namba tasa mbili ambazo jumla yake ni 27. Hatukuongeza neno jingine. Barua na jumbe za simu zilizotufikia tangu hapo zimekuwa nyingi kuliko za fumbo lolote la mwaka huu, na aghalabu waandishi wake walikuwa na uhakika kamili. Walioleta 25 na 2 ndio wengi. Wapo walioandika 4 na 23, wapo waliopendelea 10 na 17, na kijana mmoja ameleta 1 na 26 pamoja na maelezo marefu ya kwa nini 1 ihesabiwe kuwa tasa. Huyo tutamjia. Katika rundo lote hilo ni barua chache mno zilizosema lililo sahihi, nalo ni kwamba namba hizo hazipo.

Barua moja haikuwa ya jibu. Baba mmoja mwenye watoto wanne anaeleza kwamba baada ya swala ya Isha huwakusanya wanawe mkekani, wakafumbua mafumbo ya ukurasa huu, kila mmoja na karatasi yake. Siku ile binti yake wa darasa la sita alikabidhi karatasi yenye neno moja: "Haipatikani." Baba aliona huo ni uvivu. Akamkaripia mbele ya nduguze, akamwambia kwamba mwenye bidii hasemi haiwezekani, akamrudisha kwenye karatasi yake hadi usingizi ukamchukua hapo hapo alipoketi. Kaka yake, aliyeandika 25 na 2, akasifiwa. Asubuhi yake, baba alipokuwa akikusanya karatasi, aliona nyuma ya ile ya binti mistari kadhaa ya kutoa, na chini yake maneno haya: "2 peke yake. 25 ni 5 mara 5." Anatuuliza: ni mtoto aliyekosea, au ni gazeti?

Binti hakukosea. Gazeti nalo halikukosea, maana fumbo liliwekwa hivyo kwa makusudi. Inatupasa sasa kueleza sababu, tena kwa namna ambayo mtoto wa darasa la nne ataweza kuifuata na mama yake akaihakiki.

Tuanze na neno lenyewe. Chukua kete za bao, au maharage kutoka jikoni, uzitandaze mkekani. Hesabu 12. Utaweza kuzipanga safu mbili za sita sita, au safu tatu za nne nne, na safu zote zikalingana. Sasa ongeza moja, ziwe 13. Jaribu safu mbili: inabaki moja. Jaribu tatu: inabaki moja. Jaribu nne: inabaki moja. Jaribu tano: zinabaki tatu. Jaribu sita: inabaki moja tena. Kete 13 hukubali mpango mmoja tu, nao ni kusimama zote katika mstari mmoja. Namba ya namna hiyo, iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila ya baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, ndiyo iliyoitwa namba tasa.

Jina hilo, kwa maoni yangu, haliwatendei haki wenyewe. Tasa ni asiyezaa, ilhali namba hizi ndizo zinazozaa nyingine zote. 12 imetokana na 2 mara 2 mara 3. 100 imetokana na 2 mara 2 mara 5 mara 5. 221, inayoonekana ngumu kama jiwe, ni 13 mara 17. Kila namba kamili iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa yenyewe, ama ni zao la tasa zilizozidishwa, na hilo kwa namna moja tu, ukiacha suala la ipi iandikwe kwanza. Kiarabu huziita namba za mwanzo, na nadhani jina hilo linasema kweli zaidi. Lakini jina likishaingia katika vitabu vya shule halitoki kwa urahisi, basi na tuendelee nalo.

Kuzitambua si kazi kubwa kwa namba zilizo chini ya 100. Jaribu kugawanya kwa 2, kwa 3, kwa 5 na kwa 7. Ikiwa hazikukubali zote nne, na namba si 1, basi hiyo ni tasa. Hakuna haja ya kwenda mbele zaidi, kwa sababu namba iliyo chini ya 100 ikiwa imetokana na mbili zilizozidishwa, lazima mojawapo iwe ndogo kuliko 10. Kwa njia hiyo mtapata tasa 25 kati ya 1 na 100. Walezi waangalie sana 51, 57, 87 na 91, ambazo huhadaa hata watu wazima: 51 ni 3 mara 17, 57 ni 3 mara 19, 87 ni 3 mara 29, na 91 ni 7 mara 13.

Sasa turudi kwenye 27. Namba zote zimegawika makundi mawili, shufwa na witiri, maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu na ambayo msomaji wa Surat al-Fajr anayafahamu. Shufwa hugawanyika sawasawa kwa mbili. Witiri hubakiza moja isiyo na mwenzake. Ukijumlisha witiri mbili, zile moja mbili zilizokuwa pweke hukutana, na jumla huwa shufwa. Ukijumlisha shufwa mbili, jumla ni shufwa vile vile. Basi ili jumla iwe witiri, kama ilivyo 27, hapana budi moja ya namba zako iwe shufwa na nyingine iwe witiri. Na katika shufwa zote zilizopo, hata ukihesabu mpaka mwisho wa umri wako, iliyo tasa ni moja tu, yaani 2, kwa kuwa shufwa nyingine yoyote hukubali kupangwa safu mbili. Kwa hiyo namba ya kwanza lazima iwe 2. Ya pili haina hiari ila kuwa 25. Na 25 ni safu tano za kete tano tano. Mlango ulikuwa mmoja, nao umefungwa.

Angalia vizuri alichokifanya mtoto yule. Laiti angalijaribu jozi kumi, zote zikakataa, kisha akaandika haipatikani, baba angekuwa na haki ya kumwambia aendelee, maana jozi ya kumi na moja huenda ingekubali. Aliyejaribu mara kumi amejua jambo moja tu, kwamba hajapata. Lakini binti huyu aliandika "2 peke yake", yaani aliona kwamba njia ni moja, akaifuata hadi mwisho na kuikuta imeziba. Hilo si kushindwa. Ni elimu iliyo sawa na ya aliyepata jibu, na pengine ni zaidi, kwa sababu kwa hoja hiyo hiyo ataweza kujibu fumbo la 35, la 41 au la 1,001 bila ya kuhangaika: ondoa 2, kisha tazama kilichobaki kama ni tasa. 1,001 ukiondoa 2 ni 999, nayo hugawanyika kwa 3. Haipatikani.

Kwa mzee wetu tunasema haya kwa heshima. Karipio lilitolewa mbele ya ndugu, basi na usahihisho utolewe mbele ya ndugu hao hao, siku ile ile mnapokusanyika, na kabla ya fumbo jipya kusomwa. Yule kaka asidhihakiwe. Apewe kete 25 azipange mwenyewe mpaka aone. Watoto wetu wamezoea maswali ya kuchagua herufi, ambamo jibu daima limo mahali fulani kati ya A na E, na mwenye bahati hulipata hata bila ya kulijua. Mtoto aliyelelewa hivyo haamini kwamba swali linaweza kukosa jibu, na mzazi aliyepita njia hiyo hiyo naye haamini. Ndiyo sababu tuliliweka fumbo lile bila ya kuonya.

Ama kijana wa 1 na 26, hoja yake ina historia. Wanahisabati wengi wa zamani waliihesabu 1 miongoni mwa tasa. Siku hizi haihesabiwi, na sababu ni ya utaratibu: ukiikubali, ile kanuni kwamba kila namba ina zao lake moja tu la tasa inavunjika, kwani 12 itakuwa 2 mara 2 mara 3, na pia 1 mara 2 mara 2 mara 3, na 1 nyingine na nyingine bila ya mwisho. Lakini hata tukimpa 1 yake kwa ukarimu, hajafika popote. 26 ni 2 mara 13.

Ama jumla zilizo shufwa, mambo hugeuka kabisa. 28, jirani wa 27, hupatikana kwa njia mbili: 5 na 23, au 11 na 17. 100 hupatikana kwa njia sita. Tarehe 7 Juni 1742, Christian Goldbach, Mjerumani aliyekuwa akitumikia dola ya Urusi, alimwandikia barua mwanahisabati mkubwa Leonhard Euler aliyekuwa Berlin, akieleza dhana yake kuhusu namba zinazopatikana kwa kujumlisha tasa. (Goldbach naye aliihesabu 1 kuwa tasa, kijana wetu yumo katika kundi lenye heshima.) Katika majibizano yao dhana hiyo ikapata sura tunayoijua leo: kila shufwa iliyo kubwa kuliko 2 ni jumla ya tasa mbili. Euler alijibu kwamba ana yakini kuwa ni kweli, ila hawezi kuithibitisha.

Zaidi ya miaka 280 imepita, na hakuna aliyeithibitisha. Kompyuta zimekagua shufwa zote hadi 4 inayofuatiwa na sifuri 18, na kila moja imepatiwa jozi yake. Kwa mfanyabiashara, ushahidi wa kiasi hicho ungetosha kufunga mkataba. Kwa mwanahisabati hautoshi, kwa sababu namba hazina mwisho, na zilizokaguliwa ni chache mbele ya zisizokaguliwa. Mwaka 2000 mchapishaji mmoja wa Uingereza alitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeithibitisha ndani ya miaka miwili. Muda ukaisha na fedha zikabaki zilipokuwa. Dada yake dhana hiyo amepata bahati zaidi: kwamba kila witiri iliyo kubwa kuliko 5 ni jumla ya tasa tatu. Mrusi Ivan Vinogradov alionesha mwaka 1937 kwamba hilo ni kweli kwa witiri zilizo kubwa vya kutosha, na mwaka 2013 Harald Helfgott, mwanahisabati kutoka Peru, akatoa uthibitisho wa zote zilizosalia. Kwa hiyo 27 iliyotukatalia kwa mbili haikuweza kutukatalia kwa tatu. Wanaotaka tasa tatu zisizofanana watapata njia tatu: 3, 5 na 19, 3, 7 na 17, 3, 11 na 13.

Sasa fumbo la wiki iliyopita, ambalo ni la zamani na ambalo Henry Dudeney, mtunga mafumbo mashuhuri wa Uingereza, aliwapa wasomaji wake. Tumia tarakimu zote tisa, 1 hadi 9, kila moja mara moja tu, uunde namba tasa ambazo jumla yake ni ndogo kuliko zote zinazowezekana. Mfano tuliotoa ulikuwa 61, 283, 47 na 59, jumla 450. Majibu mengi yalishuka chini ya 300, na familia saba zimefika 207. Mama mmoja ameandika kwamba wamekesha wakitafuta 206 na anataka kujua kama waendelee.

Wasiendelee. Tazama 4, 6 na 8. Hakuna hata moja kati yao inayoweza kukaa katika nafasi ya mamoja, kwa kuwa namba yake ingekuwa shufwa, na shufwa tasa ni 2 pekee. Basi zote tatu lazima zikae kwenye makumi au juu zaidi. Zikikaa kwenye makumi, zinachangia 40, 60 na 80, jumla 180. Tarakimu sita zilizobaki, 1, 2, 3, 5, 7 na 9, hata zikikaa zote kwenye mamoja zinachangia 27. Mia na themanini na ishirini na saba ni 207. Hakuna mpangilio utakaoshuka chini ya hapo, ukeshe usikeshe.

Lakini hoja hiyo imetupa sakafu tu. Haijasema kwamba sakafu inafikika. Kwa hilo inabidi tasa zenyewe zitafutwe, na hapa familia nyingi zilisimama baada ya kupata seti moja. Ziko tatu. 2 na 5 lazima zisimame peke yake, kwani hakuna tasa ya tarakimu mbili inayoishia kwa 2 wala kwa 5. 1 na 9 haziwezi kusimama peke yake, maana si tasa, kwa hiyo kila moja inahitaji kupanda mgongoni mwa 4, 6 au 8. 9 haina pa kupanda ila 8, kwa sababu 49 ni 7 mara 7 na 69 ni 3 mara 23. Zimebaki 4 na 6 kwa ajili ya 1 na mwenzake mmoja, ama 3 ama 7. Fuatilia mwenyewe na utapata 41 na 67, au 47 na 61, zote zikiiacha 3 peke yake. Au 43 na 61, zikiiacha 7 peke yake. Pamoja na 89, 2 na 5, kila seti inatoa 207. Ya nne haipo. Hesabu hii yote haikuhitaji kitu zaidi ya subira na meza ya kuzidisha, na ndiyo maana naipenda kuliko mafumbo mengi yenye sauti kubwa.

Wapo waliouliza kama Waislamu wa zamani walijishughulisha na namba hizi. Walijishughulisha sana, na mfano ulio bora unatoka Baghdad ya karne ya 9. Elementi za Euclid zilikuwa zimekwisha kutafsiriwa kwa Kiarabu, na mmoja wa waliozisahihisha tafsiri hizo alikuwa Thabit ibn Qurra, mzaliwa wa Harran, aliyefariki mwaka 901. Tuseme kweli kwamba Thabit hakuwa Mwislamu. Alikuwa Msabii, na mji wa makhalifa ulimpokea kwa elimu yake. Yeye alizitafuta namba zinazopendana, yaani namba mbili ambazo vigawo vya kila moja, ukiacha yenyewe, vikijumlishwa hutoa nyingine. Jozi ya kale ni 220 na 284. Vigawo vya 220 ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110, na jumla yake ni 284. Vigawo vya 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142, na jumla yake ni 220.

Thabit alitoa kanuni ya kuzipata, nayo imejengwa juu ya tasa. Anza na 3 na uwe unaongeza maradufu: 3, 6, 12, 24, 48, 96, 192, 384. Chagua mbili zinazofuatana, tuseme 6 na 12. Ondoa moja kwa kila moja, utapata 5 na 11. Kisha zidisha 6 mara 12, upate 72, na hapo pia ondoa moja: 71. Ikiwa zote tatu ni tasa, umefaulu. Gawanya ile kubwa ya mwanzo, 12, kwa 3, upate 4. Sasa 4 mara 5 mara 11 ni 220, na 4 mara 71 ni 284.

Ukisogea hatua moja, kwa 12 na 24, utapata 11, 23 na 287. Hapo wengi hushangilia mapema. 287 ni 7 mara 41, na kanuni haina la kukupa. Sogea tena, 24 na 48: 23, 47 na 1,151, zote tasa, na jozi yake ni 17,296 na 18,416. Jozi hii ilijulikana Uajemi kwa Kamal al-Din al-Farisi, yule aliyeeleza namna upinde wa mvua unavyotokea, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa ya 14. Ulaya ilitangazwa na Pierre de Fermat mwaka 1636, na kwa muda mrefu ikahesabiwa kuwa ni yake. Jozi inayofuata katika kanuni, 9,363,584 na 9,437,056, ilipatikana na Muhammad Baqir Yazdi katika karne ya 17, na pia na René Descartes wa Ufaransa.

Lililo zuri zaidi katika habari hii limetokea baadaye. Euler, yule yule wa barua ya Goldbach, alikusanya jozi kwa makumi, baadhi zikiwa na tarakimu nyingi mno. Kisha mwaka 1866 kijana wa Kiitalia wa miaka 16, Nicolò Paganini, ambaye si yule mpiga fidla, akaonesha jozi ambayo wote waliipita bila ya kuiona: 1,184 na 1,210. Ni ya pili kwa udogo kati ya zote. Kanuni ya Thabit haiitoi, na yaelekea wakubwa walikuwa wametazama mbali mno. Mwenye mtoto anayependa hesabu ampe jozi hiyo aihakiki kwa kalamu. 1,184 ina vigawo 11 ukiacha yenyewe, na 1,210 ina vigawo 11 vile vile.

Mafumbo ya wiki hii ni matano.

La kwanza ni la wadogo. Bao letu lina kete 64. Zigawanye mafungu mawili, kila fungu liwe idadi iliyo tasa. Kuna njia ngapi? Kubadilisha fungu la kulia liwe la kushoto si njia mpya.

La pili ni la wanaojua alama nne za hesabu. Chukua tasa nne za mwanzo, 2, 3, 5 na 7, kila moja mara moja tu, upate 100. Ukimaliza, pata 24 kwa hizo hizo.

La tatu: kati ya 45, 51 na 63, moja haipatikani kwa kujumlisha tasa mbili. Ni ipi, na kwa nini?

La nne linataka karatasi ya miraba. Chora mraba wa nyumba tisa, tatu kwa tatu. Katika mstari wa juu andika 17 kushoto na 89 katikati, na katika nyumba ya katikati ya mraba mzima andika 59. Jaza nyumba sita zilizobaki kwa tasa zisizorudiwa, ili jumla kwa mlalo, kwa wima na kwa mshazari iwe 177 kila upande.

La tano ni la wazazi, na watoto wasiwasaidie. Namba 8,633 ni zao la tasa mbili, zote zikiwa chini ya 100. Kuzidisha mbili hizo ni kazi ya nusu dakika. Kuzitenganisha ni habari nyingine, na juu ya ugumu huo, kwa namba zenye mamia ya tarakimu, ndipo ulipojengwa ulinzi wa siri nyingi zinazopita katika mitandao ya kompyuta. Anayetaka njia ya mkato aangalie kwanza ni mraba gani ulio juu kidogo ya 8,633, na tofauti yao ni ngapi.

Majibu yatufikie kabla ya Jumatano. Kila jibu liandikwe pamoja na sababu yake, na kwa fumbo la tatu jibu lisilo na sababu halitachapishwa hata likiwa sahihi.